Ukungu kwenye Filamu za Danstan

Danstan wa Rulenge bado anasafisha filamu nyeusi na nyeupe kwenye stoo ya maharage, na watu wamemzoea kama kichaa mpole. Wapiga picha wenzake walihamia kwenye simu zamani. Mama yake tu, Rozina, ndiye aliyemuunga mkono, kwa kuwa picha za simu hakuziamini na alikataa kabisa kupigwa. Kamera ya mwanawe aliikubali mara moja tu, baada ya misa ya Pasaka. Pentekoste haikumkuta.

Basi sura ya mama ilibaki ndani ya filamu moja ambayo haijasafishwa, na Danstan aliogopa kuigusa. Tangu Kwaresima kila filamu iliyotoka stoo ilikuwa na ukungu, watu wakionekana kama wamesimama kwenye moshi wa jikoni.

Alimwaga dawa, akachanganya mpya. Ukungu. Akaziba nyufa za mlango kwa blanketi. Ukungu. Akaishuku kamera, lakini ukungu ulifika hadi kwenye kingo za filamu zenye vitundu, ambako mwanga wa kamera haufiki. Kosa lilikuwa humo humo stoo. Shangazi Magdalena akasema ni marehemu hataki kuonekana. Danstan alikasirika, kisha akaanza kuamini.

Mkewe Suzana alichoka kumwona hali chakula. Siku ya filamu nyingine ya majaribio akaingia naye, wakafunga mlango, taa ikazimwa. Danstan akafumba macho kama kawaida yake. Yeye husema gizani macho yanavuruga mikono.

“Baba Pius,” Suzana akasema, “mbona rozari ya mama inawaka?”

Akafumbua macho. Juu ya meza, kwenye msumari, ile rozari ya plastiki ambayo mama alirudi nayo kutoka hija ya Kwaresima na kuitundika ibariki kazi ilikuwa inang'aa kijani, punje kwa punje.

“Imeanza lini?”

“Nijuaje? Fundi ni wewe.”

Rozina alikuwa ameagiza isitoke humo. Danstan akamwomba radhi kwa sauti, Suzana akaivaa shingoni, akatoka nayo.

Filamu ya majaribio ikatoka safi. Ndipo akapata moyo wa kuisafisha ile ya mama. Nayo ikatoka safi, ua kwa ua la kitenge, mkunjo kwa mkunjo wa uso. Picha yake ilikuwa moja tu, na mama alikuwa amefumba macho.

Danstan alilia sana. Kisha akaichapa kubwa, akaitundika stoo, kwenye msumari uleule.