Mizizi Ambayo Mama Hakuimwaga

Ziwa linapofungwa, wavuvi wakikatazwa kuvua kwa miezi, harufu ya samaki huondoka polepole mjini kwetu Nchelenge. Kwanza inaondoka kwenye meza za sokoni, halafu kwenye vichanja vya kukaushia, mwishowe hata kwenye nguo zetu, na sisi tuliozaliwa kando ya ziwa hilo la Mweru ndipo tunapogundua kwamba dunia ina harufu nyingine. Mwaka ule nikiwa darasa la nne, harufu iliyobaki nyumbani ilikuwa ya mizizi: chungu, ya udongo uliolowa, yenye utamu kidogo unaokwama kooni. Ilitoka kwenye mtungi uliofunikwa kwa sahani ya bati kando ya kitanda cha mama. Mpaka leo nikiisikia popote, ninageuka kumtafuta mama kabla sijajua kwa nini.

Mdogo wangu alikuwa amekufa kwa homa kabla ya mvua kuanza, hata kutembea hajaanza. Baba alilia, akazika, akarudi majini. Ziwa lilipofungwa akaenda kulima muhogo mbali, kama wanaume wengi wa kwetu wanavyofanya miezi ile. Tukabaki mimi na mama. Miezi hiyo ndiyo ya kushona nyavu, na mama alikuwa fundi. Watu walimletea nyavu zao hata kutoka Puta. Sasa akawa anakaa na sindano mkononi, anafunga fundo moja, anasahau la pili, matundu yanatoka makubwa ya kupitisha mbuzi. Nyavu za watu zikarundikana mlangoni. Hakulia. Heri angelia, ningejua la kufanya. Nilipomsemesha alinitazama kama mtu anayesikia redio ya nyumba ya jirani.

Aliyeleta mizizi ni Yaya Feza, yaya kwetu maana yake dada mkubwa, jirani yetu aliyeuza dawa za miti sokoni. Yeye na mama walikuwa wamevuka kutoka Pweto, upande wa Kongo, wakiwa wasichana. Ndiyo maana nyumbani kwetu tulisema Kiswahili wakati mtaa mzima ulisema Kibemba. "Hii ni ya mutu mwenye mawazo mingi," alimwambia mama. "Kunywa kikombe asubui, kingine mangaribi. Juma mbili ikiisha mwaga yote, pumuzika kwanza, mwili ikumbuke kazi yake." Nilikuwa nimekaa pale pale. Nilisikia kila neno.

Na mizizi ilisaidia. Sitaki mtu aniambie haikusaidia, nilikuwepo. Mama alianza kulala, halafu akaanza kula, na siku moja nilitoka shule nikamkuta amemaliza wavu mzima, mafundo yamekaa sawasawa, naye anaimba. Anaimba vibaya, maana mama hajui kuimba. Nilisimama mlangoni viatu mkononi nikaogopa kuingia, nisije nikaharibu. Hata mimi alinipa kijiko kabla ya mtihani, "ya kutuliza kichwa," na nikasoma swali mpaka mwisho bila kuangalia dirishani. Labda ilikuwa dawa. Labda ilikuwa raha ya kuwa na mama tena, sijui nitajuaje.

Shida ilikuwa ni huko kumwaga. Mama alikulia kwenye nyumba ya wapika munkoyo, kile kinywaji cha mahindi kinachotiwa utamu kwa mizizi, na mtu wa munkoyo hatupi mzizi ambao bado una nguvu. Anauacha, anaongeza maji, anaweka mzizi mpya juu ya ule wa zamani. Basi mama naye akafanya hivyo hivyo na dawa. Mtungi haukukauka hata siku moja, na maji yake yakazidi kuwa meusi. Nilipomkumbusha maneno ya Yaya Feza alinicheka. "Ni miti tu, mutoto yangu. Ni Mungu aliiotesha. Miti inaweza kuua mutu?" Nilianza kuamka kabla yake nimsikilize kama anapumua.

Akaanza kujikuna, mikono na nyayo, mpaka ngozi ikatoka alama. Chakula kikawa kinamchefua, hata sombe, majani ya muhogo aliyoyapenda kuliko samaki. Asubuhi moja alipotoka nje akageukia jua, nikaona weupe wa macho yake umekuwa njano kama ganda la ndizi. Na bado alikuwa anaimba! Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Mtu mwenye furaha hataki kuambiwa kwamba anaumwa, na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani nisiwe nimeona.

Yaya Feza ndiye aliyetulazimisha kwenda kliniki. Muuguzi alimuuliza mama kama kuna dawa yoyote anayotumia nyumbani. Mama akasema hakuna. Hakuwa anadanganya, kwake dawa ni vidonge, mizizi ni mizizi. Muuguzi akainama kuandika. Mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu. Nikisema, watamnyang'anya kilichomrudisha. Nikinyamaza, yale macho. Nikasema, "Anakunywa mizizi. Kila siku, na hamwagi." Mama aligeuka akanitazama bila hasira, kama mtu mwenye njaa anayeondolewa sahani.

Muuguzi hakutukana mizizi. Alisema hajui mti ule unafanya nini mwilini, lakini ini la mama limechoka, na kila kitu kisimame. Mama aliumwaga mtungi mwenyewe. Kuimba kulikoma kwanza. Macho yalichelewa, yakasafika polepole. Ziwa lilipofunguliwa baba alirudi, akanisifu mbele ya watu kwa kumwokoa mama, huku mama mwenyewe amekaa nyuma yake na sindano mkononi, wavu haujaguswa.

Sasa nina watoto wangu, na ninauza nguo kati ya Nchelenge na kisiwa cha Kilwa, kile cha humu humu ziwani Mweru. Vijana ninaosafiri nao wanameza vidonge vya majani, vya usingizi, vya akili ya kusomea, mwezi baada ya mwezi, kwa sababu kopo limeandikwa ni vya asili. Ninawaambia wasikatae kupata nafuu, lakini wapumzike, na wakifika kliniki waseme. Wanapiga miayo. Kwa watu wengine maneno haya yananitoka kirahisi.

Majuzi mama aliniomba nimtafutie ule mzizi Kilwa. Amezeeka, hashoni tena, siku nzima anaangalia ukuta. "Safari hii nitamwaga," akasema. "Nipe hata ile kidogo." Niliukuta sokoni. Niliushika, nikaunusa, nikaurudisha kwenye meza, na nilipofika nyumbani nikamwambia haupo. Alijua ninadanganya. Anajua pia kwamba kila nikija kwake jambo la kwanza ni kumchunguza macho.

"Bon, haya," akasema. "Angalia basi." Akageuza uso wake kwenye mwanga, akayafungua yote mawili. Yalikuwa meupe kabisa. Nikamwambia ni mazuri.

"Iko muzuri kwako," mama akasema, akarudi kuangalia ukuta.