Wajomba Ambao Hawakuonyeshwa

Mwanangu alikuwa ameshaanza kutembea na mama yangu hajamtia machoni. Niseme hilo kwanza, maana watu wakisikia kisa changu cha video hucheka, halafu wanasahau nilikuwa na nini moyoni.

Nilitoroka na baba yake mara tu nilipomaliza kidato cha nne. Kwetu Igurwa binti akitoroka, wanaume wa upande wa kijana huja na lubisi, pombe yetu ya ndizi, kumweleza baba wa binti kwamba anayemtafuta yuko kwao, ni mzima. Wasipokuja, binti hakanyagi tena uwanja wa baba yake, hata kwa msiba. Mahari ni habari nyingine, inaweza kungoja. Lubisi haingoji.

Lakini mwenzangu anatoka kwa wafugaji, na kwao neno lisilo na ng'ombe si neno. "Tutapeleka mtamba," mama mkwe alikuwa akisema. Mara mtamba bado mdogo. Mara ana mimba, hawezi kutembezwa. Mara nyasi zimekauka, tutawapelekea mifupa? Mimi nikashika mimba, nikazaa, mtoto akaota meno, mtamba bado anaandaliwa. Nilikaa Ihembe, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka kwa mama yangu, kama niko ng'ambo ya dunia. Nikikumbuka ile miezi hasira hunipanda mpaka leo, na sioni kwa nini nijifanye imeshuka.

Jumapili moja baada ya ibada mwenzangu akanipeleka kwenye video. Nadhani alichoka kuniona nimenuna. Lilikuwa banda la mabati, mabenchi, televisheni moja juu ya meza, na jenereta ikinguruma nyuma. Kando ya televisheni alisimama mtafsiri na fimbo ya kuonyeshea. Kazi yake ilikuwa kutuletea Kiingereza kwa Kiswahili, na palipokuwa patamu, kwa Kinyambo, lugha ya kwetu.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mapenzi, lakini ya kichaa. Mwanamke mchimba makaburi kampenda mwanamume anayeoka keki za harusi. Mwanamke ana tope hadi magotini, mwanamume anavunja yai huku analia. Tulicheka vibaya.

"Huyo wa keki angekuwa wangu," alisema bibi mmoja wa benchi la mbele, "ningempeleka machungani akakomae."

Kufika mwishoni, mchimba makaburi akavaa gauni, buti zake zilezile miguuni, akaenda hadi mlangoni kwa mama wa yule mwanamume. Kiingereza changu si kingi, ila hapo nilisikia vizuri. Alisema amekuja kumwomba mwanawe, na kwamba hana mtu wa kumsindikiza.

Mtafsiri akakohoa. "Hapa mama anaambiwa kwamba wajomba wa kijana wameshafika kwa baba wa msichana, na pombe wamepeleka. Mambo yamekwisha."

"Wajomba wenyewe wako wapi?" mtu akauliza. "Mbona hatuwaoni?"

"Wako upande ule. Hawakuonyeshwa."

"Walibeba vibuyu vingapi?"

"Vinne," akajibu bila kupepesa macho.

Watu wakaridhika. Mwenzangu naye akaridhika, akawa anaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia mahubiri mazuri. Hicho kichwa ndicho kilichonimaliza.

Nikasimama na mtoto mgongoni. "Hakuna mjomba! Amekuja mwenyewe. Amesema hana wa kumsindikiza!"

"Wewe Fomu Foo, kaa chini, unatuziba!"

"Mpeni fimbo atafsiri yeye!"

Mtafsiri hakukasirika. "Dada yangu, nimesikia alichosema. Lakini nikiwaambia hawa kwamba mwanamke kaenda kujiposea, watavunja mabenchi."

Bibi wa mbele akageuka. Hakunitazama mimi, alimtazama mwenzangu. "Na wewe, kijana, wajomba zako walishafika kwao?"

"Bado mtamba, bibi."

Banda zima likacheka. Mimi sikucheka, wala njiani sikugomba.

"Kesho nakwenda kwa baba," nilimwambia.

"Na nani?"

"Na mtoto. Na lubisi."

"Mwanamke hapeleki pombe."

"Basi tangulia wewe."

Asubuhi hakutangulia. Nikachukua kibuyu kwa jirani anayetengeneza lubisi, nikakiziba kwa jani la mgomba, nikajitwika.

Baba nilimkuta uwanjani anageuza kahawa juani. Nikapiga magoti palepale ukingoni, sikuingia. "Shikamoo, baba."

Aliendelea kugeuza kahawa kwanza. Kisha, "Marahaba. Nani amekutuma?"

"Nimejituma. Nimekuja kueleza kwamba binti yako yuko Ihembe. Ni mzima, ana mtoto wa kiume."

Alikitazama kibuyu, akaitazama njia nyuma yangu kama kuna wengine wanaokuja. Hapakuwa na mtu. Akaingia ndani, akarudi na kigoda na mrija. Nilidhani ataniambia nirudi na mzigo wangu. Akautumbukiza mrija kwenye kibuyu, akaugeuzia kwangu.

"Aliyeleta pombe ndiye huionja kwanza," alisema. "Onja."

Sijawahi kuona mwanamke wa kwetu akionja kabla ya mwenye nyumba. Nikavuta funda moja. Baba akauchukua mrija, akanywa.

Wakati huo nilihisi khanga ikilegea mgongoni. Mama alikuwa ameshafika kwa nyuma, anaifungua bila kuniambia neno. Akamtoa mtoto, akambeba kiunoni, akaondoka naye kuelekea migombani akimsemesha kwa Kinyambo. Hata jina lake alikuwa hajauliza.