Bloku Namba Saba na Mahindi ya Mama Mkwe

Kosa ni langu, na leo sitaki mtu anipunguzie hata kidogo.

Niko na stoo hapa Shianda. Watu huniletea mahindi, maharagwe na njugu, nawawekea hadi bei ya soko ipande. Sakafu nimeigawanya kwa rangi nyeupe, bloku kwa bloku, na kila jioni nazizunguka mara mbili, kwa sababu macho ya mzunguko wa kwanza siyaamini.

Programu ya kompyuta niliiandika mwenyewe. Kila bloku ina alama. Sifuri, iko tupu. Moja, ina mzigo. Sasa, ndani ya programu kuna mistari ambayo kompyuta inairuka. Ni maelezo ya kumsaidia binadamu atakayeisoma baadaye. Sifuri niliieleza vizuri. Moja pia. Kwenye mbili niliandika neno moja tu: "tutaongea."

Mbili ilikuwa bloku ambayo mtu ameshaiomba lakini mzigo wake haujafika. Kwa nini sikuandika hivyo? Kwa sababu mimi ni mtu wa soko. Ukiandika kwamba nafasi ni ya fulani, umejifunga mikono. Na je, kesho lori likija na mwenye haraka kuliko fulani? Tangu nianze biashara sijawahi kutaja bei ya mwisho kabla ya kusikia ya mwenzangu.

Nanzala, mwanamke ninayefanya naye kazi na ambaye siku hizi ndiye anayeitunza programu, aliliona hilo neno mara moja.

"Bosi, hii mbili ni nini?"

"Si imeandikwa hapo?"

"Imeandikwa tutaongea. Haya, tuongee."

"Wacha hivyo. Maana yake iko kwa kichwa."

"Na kichwa ikienda matanga?"

Nilicheka. Wiki hiyo hiyo kichwa kilienda matanga Lugari, na simu ikaisha chaji.

Kabla sijaondoka, mama watoto alikuwa ameniomba nafasi ya mama yake wa Mayoni. Paa la ghala lake lilikuwa limeoza, na mahindi aliyovuna ndiyo chakula chake hadi mavuno mengine. Nilimpa bloku saba, ile ya ndani kabisa isiyojua mvua. Nikaiwekea mbili. Jina sikuliandika. Kwetu mkwe hataji jina la mama mkwe wake, na mimi niliona hata kulichapa kwa kompyuta ni kulitaja. Heshima ikanimaliza.

Nikiwa Lugari, mtu akaja na magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani. Nanzala akaangalia saba: haina mzigo, haina jina, ina "tutaongea." Akanipigia, simu imezimwa. Basi akaongea na mtu wa omena.

Nilirudi mchana nikakuta pikapu ya Mayoni getini, imejaa mahindi, wingu jeusi limeinama juu yake. Stoo yote imejaa. Saba inanuka ziwa. Na mama mkwe amesimama upande wa pili wa pikapu.

Hapo ndipo nilipojua sina ujanja. Shianda nzima nimeshabishana nayo, lakini mama mkwe siwezi kumtazama usoni, kumpa mkono wala kusema naye moja kwa moja. Nikajibanza nyuma ya mlango. Mama watoto akasimama katikati, mikono kiunoni.

"Mwambie mama kuna shida kidogo ya kompyuta."

"Mama, anasema ni shida ya kompyuta."

"Muulize kama kompyuta inakulanga mahindi."

"Anauliza kama..."

"Nimesikia."

"Kama umesikia, jibu."

"Nitamjibuje na wewe ndiye wa kumfikishia?"

Nanzala akatoka ofisini kujitetea. "Mama, nisamehe. Mimi nilikuta tu imeandikwa tutaongea."

Kisha sauti ikatoka nyuma ya pikapu, taratibu kabisa: "Mwambie huyo mkwe wangu, siku alipokuja kuomba binti, mimi sikumwambia tutaongea. Nilimwambia ndiyo."

Nikazungusha macho stoo nzima nikitafuta hata bloku moja.

Tone la kwanza likaanguka. Mvua ya mchana ya huku haisikilizi mtu. Mahali pakavu palipobaki ni nyumba yangu, hapo nyuma ya stoo. Mama mkwe haingii nyumba ya mkwe, lakini hakuna aliyewahi kuyakataza mahindi. Tukakimbia na magunia, mimi nikizunguka kwa mlango wa nyuma nisije nikakutana naye. Machache yalilowa. Nilimbadilishia kwa mahindi yangu, gunia kwa gunia, bila kufungua mdomo. Mama watoto anasema hajawahi kuniona hivyo tangu tuoane.

Unafikiri iliishia hapo? Magunia yamejaa sebuleni hadi mlango wa chumba cha kulala.

"Hii ni mali ya mama, ni kama yuko hapa mwenyewe," akasema mama watoto. "Utapita mbele yake na taulo?"

Kwa hivyo nalala stoo, jirani yangu omena. Na mama mkwe akitaka kuyakagua mahindi yake, yanatolewa uani, mimi naondoka boma lote hadi amalize. Anapenda sana kukagua.

Ule mstari tumeuandika upya. "Mbili: nafasi ni ya mtu, mzigo uko njiani. Andika jina. Usimpe mwingine, hata bosi akisema." Hayo maneno ya mwisho nilijaribu kuyapunguza. Nanzala alikataa hata kusikia.

Nanyi wenzangu mnaoacha alama bila maelezo mkidhani ni werevu, mkiweka mlango wazi kidogo ili mpate kupenyeza kitu baadaye: andikeni leo, kwa maneno ambayo hata mgeni ataelewa nyinyi mkiwa hampo. Mlango huo atapita mwingine na omena.

Jana nilimuuliza mama watoto nitarudi ndani lini. Akanitazama, akafunga dirisha.

"Tutaongea," akasema.