Taa Nyeupe Kwenye Njia ya Wajir

Sikuondoka Galbet, mtaa wetu wa Garissa, kwa kupenda. Wanaonijua watawaambia kwamba safari yangu ya kila siku ni kutoka mkekani hadi dukani, ninakouza madaftari na sare za shule, na hata hiyo huikatiza njiani kwa chai. Lakini Jumatatu alfajiri simu ilipigwa kutoka Wajir. Abti Mohamud, kaka pekee wa mama yangu, alikuwa kitandani siku ya nne, hali chochote, na alikuwa anamwulizia dada yake. Walikuwa hawajasemezana miaka tisa, tangu Abti alipokataa kuja kwenye harusi ya dada yangu kwa sababu hakushauriwa. Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama, aliipokea simu ile akiwa amesimama. Hakulia. Aliniuliza kama gari lina mafuta, kisha akasema anataka kusamehe na kusamehewa wakati kaka yake angali na masikio ya kusikia.

Saa tatu asubuhi nilikuwa kwa Siyat, fundi wa umeme wa magari. Mafuta yalikuwepo, shida ilikuwa taa. Taa za kigari changu zilitoa mwanga wa rangi ya chai ya maziwa, nami navaa miwani minene hivi kwamba jirani zangu husema hata mchana naendesha kwa kupapasa. Siyat akanitolea balbu za LED, nyeupe, zenye kifeni kidogo mgongoni. Vitako vyake havikuingia vizuri, akavilazimisha kwa waya na gundi. Kazi hiyo ilimchukua hadi adhuhuri. Mwishowe akaniambia kuna kakitu kadogo: dimu haitafanya kazi. Ile swichi ya kuinamisha mwanga unapokutana na gari lingine itabaki pambo tu. Nikamwuliza kama nitaona mbali. Akasema nitaona hadi Mandera, nami nikaridhika. Mtu asiyesafiri hudhani shida ya barabara ni kuona. Haimjii akilini kwamba kuna wengine nao wanataka kuona.

Saa nane mchana tukaondoka. Hooyo alikaa mbele, tasbihi mkononi, kibuyu cha maziwa ya ngamia kati ya miguu yake kwa ajili ya mgonjwa. Kabla hatujafika mbali gurudumu likatoboka. Nilitafuta jeki nusu saa nzima, kumbe nimeiweka chini ya kiti nilichokuwa nimekalia. Hooyo alinitazama tu, akasema marehemu baba yangu angekuwa ameshabadilisha mawili na kunywa chai.

Modogashe, katikati ya njia, tulifika wakati wa Magharibi. Tukaswali. Hooyo akajaribu kumpigia Bishar, mtoto wa Abti, lakini simu haikupatikana. Kwenye kizuizi askari alifunika uso kwa kiwiko, akaniuliza kama nimebeba uwanja wa mpira kwenye boneti. Nilipomweleza habari ya mgonjwa alituruhusu, ila aliinama dirishani kwanza.

"Mzee, huko mbele watu huogopa taa wasizozijua."

Nilicheka. Nina miaka thelathini na minane na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuitwa mzee.

Baada ya Modogashe kicheko kikaisha. Mwanga ule ulikuwa mweupe kupita kiasi, kama ule wa chumba cha upasuaji. Vichaka vilipoteza rangi vikawa kama mifupa iliyosimikwa ardhini. Kila kichuguu kilikuwa na kivuli cheusi tii, na tulipokipita kivuli kiligeuka polepole, kama mtu anayekufuata kwa macho. Kando ya njia nikaona kiumbe chembamba kimesimama kwa miguu miwili, mikono juu ya matawi. Kiligeuza kichwa kikatutazama. Nikasoma kila dua niliyofundishwa madrasa, na nyingine nadhani nilizitunga. Hooyo akasema ni swala twiga tu, anakula. Lakini naye alikuwa amejivuta karibu na mimi.

Nje ya ule mwanga hapakuwa na kitu. Taa zangu zilikuwa zimejenga chumba cheupe, na sisi tulikuwa tunakisukuma mbele yetu. Simu yangu haikuonyesha mtandao hata kidogo.

Yapata saa mbili usiku, nikaona taa mbele. Ilikuwa ndogo, ya manjano, chini kabisa ambapo mbingu hugusana na ardhi. Nchi ile ni tambarare, na taa huweza kuonekana muda mrefu kabla gari halijafika. Tukaenda. Taa ikawa pale pale, ikikua kwa siri. Kisha ikainama mara moja, ikainuka. Katika njia hii, hiyo ndiyo salamu: mwenzako akiinamisha, nawe unainamisha, mnajuana kuwa ni watu wema. Nikabonyeza swichi. Ikalia tak, na mwanga wangu haukutikisika. Taa ile ikainama mara ya pili. Nikabonyeza tena. Ikainama mara ya tatu, ikakaa chini kwa muda kama inayosubiri.

Halafu ikazimika.

Haikupinda wala haikutupita. Ilikuwepo, ikawa haipo. Tulipofika nilipokadiria kuwa ilikuwa, barabara ilikuwa tupu. Nikaona alama mbichi za magurudumu zikiacha njia na kuingia vichakani, na vumbi bado limening'inia. Mguu wangu ukaenda kwenye pedali ya mafuta.

"Simama," Hooyo akasema.

Nikamwambia huenda ni majambazi.

"Jambazi hakusalimii mara tatu. Hao wanatuogopa sisi. Tumewatoa barabarani, na kama wameumia, ni juu yetu. Zima taa zote. Washa ile ya ndani, watuone nyuso."

Nilizima. Giza lilituangukia. Nilipowasha kitaa cha darini, vioo vyote viligeuka kuwa kama vya kujitazamia. Nikaona miwani yangu mara nne, na nyuma yake hakuna kitu. Yeyote aliyekuwa nje alituona hadi kope, nasi hatukumwona. Nikasikia hatua kwenye changarawe, upande wangu. Zikasimama. Kitu kigumu kikagusa bodi ya gari taratibu.

Hooyo alishusha kioo, akatoa salamu gizani. Hakuna aliyejibu. Basi akafanya wanavyofanya watu wetu wakiulizwa ni nani: akataja jina lake, la baba yake, la babu yake, akipanda pole pole, kila jina likiwa peke yake. Alipofika la saba akasita.

Kutoka vichakani, upande ambao sikuwa nikiutazama, sauti nyembamba ya mzee ikataja la nane. Kisha la tisa.

Nilidhani Abti ameshakufa, na ametutangulia njiani kuja kutuaga. Hooyo hakungoja. Alifungua mlango akaenda moja kwa moja gizani, bila kiatu kimoja.

Aliyekuwa amesimama kando yangu na rungu alikuwa Bishar, akiogopa kuliko mimi. Aliniambia mchana ule daktari wa Wajir aliwashauri wampeleke Abti hospitali ya Garissa. Walitupigia mara nyingi, nasi hatukuwa na mtandao. Alipoona mwanga mweupe usiojibu salamu, alijua waliomo si watu wa heri. Akaingiza pikapu vichakani, akazima kila kitu na kumwomba baba yake asikohoe. Alinieleza haya akizitazama taa zangu, na kwa heshima ya undugu hakusema aliyokuwa anayafikiria.

Abti alikuwa nyuma ya pikapu, juu ya godoro, mwepesi kama mwanzi. Hooyo alikuwa amemshika mkono. Nilipoinama kumsalimia alinitambua.

"Kumbe ni Abdi wa dukani," akasema. "Nilidhani Siku ya Kiyama imeletwa kwa gari."

Tukageuza. Hooyo alipanda nyuma na kaka yake. Nisingeweza kuwamulika, kwa hiyo nilifuata kwa vitaa vidogo vya pembeni, nikiongozwa na taa nyekundu za Bishar, mwendo wa punda, hadi Modogashe na kutoka pale hadi Garissa. Tuliingia mjini Alfajiri ikiadhiniwa.

Abti aliishi hadi Alhamisi. Hooyo alikuwepo.

Nilichojifunza ni hiki: ningefuata mguu wangu usiku ule, tungefika Wajir na mwanga mwingi sana, kwenye nyumba ambayo Abti hayumo. Siyat amenirudishia zile balbu zangu za zamani, nami nimerudi kwenye safari yangu ya mkekani hadi dukani.

Baada ya matanga nilimwuliza Hooyo walisemezana nini njia nzima kule nyuma.

"Tuligombana mpaka Modogashe," alisema. "Kisha akalala mapajani pangu."