Mshono Usio Wake

Wifi yangu, mke wa kaka, ni fundi cherehani, na ole wako umpelekee shati la kupunguza kisha umfundishe pa kukata. Ana maneno makali na mkono mwepesi. Hugeuza upindo wa nguo akakwambia aliyeishona alikuwa na haraka gani. Kaka alipomleta nyumbani kwetu, chumba cha mbele kikawa chake cha kazi. Lakini kila kiti cha nyumba ile kilikuwa na mwenyewe: paka wa mama.

Mwezi wa kwanza wifi alipiga chafya. Wa pili macho yakavimba. Wa tatu kifua kikaanza kupiga filimbi, na mama akasema, "Visingizio. Huyo hataki kazi za nyumbani." Mimi ni binti yake wa kumzaa, lakini siku ile nilimchukia.

Nilimsindikiza wifi hospitali, na mama akajipachika. Daktari akasema ni mzio wa paka. Akaandika vidonge na dawa ya kuvuta kwa mdomo, akaagiza zulia litolewe, shuka na foronya zifuliwe kwa maji ya moto kila wiki, na paka atafutiwe kwingine. Kisha akataja sindano: mgonjwa huchomwa kidogo sana cha kile kile kinachomdhuru, kwa miaka, mpaka mwili uzoee. "Ila ni hapa tu, tukimwangalia," alisema. Mama, aliyekuwa amenuna tangu asubuhi, aliinua kichwa.

Paka akahamia kwa fundi viatu, nyumba ya tatu. Mama hata akajitolea kufua foronya zote. Kaka akafurahi: "Mmeona? Mama amebadilika." Mimi nilijiuliza tangu lini mama akafua cha mtu.

Wiki tatu zikapita na wifi akawa hoi zaidi. Kwenye cherehani alikuwa na nafuu. Akijilaza tu, kifua kinabana mpaka midomo inabadilika rangi.

"Si nilisema?" mama akatamba. "Paka hayupo, ugonjwa upo. Mrudisheni paka wangu."

Jumamosi moja mama akiwa ametoka, wifi alivua foronya mwenyewe. Akapitisha kidole ukingoni mwa mto, akaganda.

"Mto huu niliushona mimi," aliniambia. "Lakini hapa si mkono wangu."

Akafumua kwa wembe. Ndani ya pamba kulikuwa na manyoya ya paka, mafungu kwa mafungu.

Mama aliporudi hakukana. "Dawa ya moto ni moto. Daktari si alisema mwili uzoee? Kila siku nilikwenda kwa fundi viatu kumchana paka. Nilikuwa namtibu huyu."

"Ulikuwa unaniua, mama."

"Ungezoea, naye angerudi."

Kaka alikuwa mlangoni, amesikia yote. Aliinama akabeba cherehani, wifi akamfuata. Hawajafika hata getini, mama akanishika mkono.

"Sasa si anaweza kurudi?"

Nikamwambia akamchukue paka wake mwenyewe, maana hata mimi nilikuwa nakwenda kufunga sanduku langu. Wifi sasa anapumua vizuri, na wateja wamemfuata. Mama anaishi na paka wake. Nguo zake zikifumuka hushona mwenyewe, kwa mshono ule ule, na hakuna wa kumwambia umepinda.