Binti wa Mfalme na Kiapo Chetu

Binti yangu alikuwa anajiandaa na mtihani wa historia, mezani jikoni kwetu Kilburn, London, mimi nachambua mchele. Akanisimulia, kwa Kiingereza chake kama kawaida, habari za binti wa mfalme mmoja wa hapa, wa zamani sana. Mfalme hakubakiwa na mtoto wa kiume wa kumrithi, akawaapisha wakubwa wa nchi kwamba akifa, atawale binti. Akafa. Binamu wa yule binti, mwanamume, akavuka bahari mbio mbio, akavishwa taji, na walioapa wakampokea. Vita vikapiganwa miaka, mpaka bibi wa watu akafika London hii hii kuvishwa taji lake. Watu wa mji wakamtimua akiwa ndiyo kwanza anakaa kula. Ati ana kiburi.

Nilipandwa na hasira. "Angekuwa mwanamume wangesema ana msimamo," nikamwambia. "Watu wazima na ndevu zao, wameapa halafu wanakula matapishi yao."

Mwanangu akacheka. "Kwani mama, wewe ungefanya nini?"

Nikainamia mchele wangu. Ningefanya nini najua, kwa sababu nilishafanya.

Chama chetu cha kuzikana kiliasisiwa na mzee mmoja wa Kipemba. Alipougua alituita sebuleni kwake, akatuapisha kwa Msahafu, mmoja mmoja, kwamba akiondoka tumwachie uongozi binti yake. Na alistahili. Ndiye aliyekuwa akiwaosha maiti wetu wa kike, akifuatilia vyeti hospitali, akijua kila aliyezikwa yuko kaburi gani. Alikuwa shoga yangu hasa.

Hitima ya arubaini ya mzee ilipokwisha tukakutana. Mmoja akasema mwanamke hawezi kusimamia mazishi mbele ya wanaume. Mwingine akasema, huyu naye ana kiburi. Mikono ikanyanyuliwa kumchagua binamu yake wa kiume, na wangu ukiwemo. Niliogopa kutengwa, basi, sina sababu nyingine. Tangu siku ile mimi na yeye tunasalimiana tu misibani, na bado ndiye anayeosha.

Nikaacha mchele, nikampigia simu shoga yangu. Nikamwomba radhi, mwanangu ananitazama.



"Nimekusamehe zamani," akasema. "Lakini wale wengine sikuwaangalia hata, shoga. Siku ile nilikuwa nautazama mkono wako tu."