Maficho ya Sista Chepkurui

Sista Chepkurui ametunza stoo ya chumba cha upasuaji kwa miaka kumi na tisa, katika hospitali moja ndogo iliyozungukwa na mashamba ya majani chai upande wa Kabianga, na katika miaka hiyo yote hajawahi kumwamini daktari hata mmoja. Madaktari, husema, ni watu waliosoma sana ila mikono yao haikwenda shule. Weka glavu hapa, geuka kidogo, hazipo. Ukiuliza, kila mtu anatazama dari.

Kwa hiyo yeye huficha. Si kuiba, jamani, ni kuficha. Sindano za ganzi hulala nyuma ya Biblia zilizoletwa na wageni, mahali ambapo hakuna daktari atakayepeleka mkono. Na juzi, mzigo mpya ulipochelewa, alibuni maficho yaliyoyashinda yote: pakiti kumi na mbili za mwisho za uzi wa kushonea alizitia kwenye katoni, akaandika juu kwa kalamu nene, MUDA UMEKWISHA. Nani angehangaika kuifungua? Alijipongeza njia nzima hadi nyumbani, akala likizo yake ya siku mbili akichuma chai.

Alisahau kitu kimoja tu. Ni yeye mwenyewe aliyemfundisha Mzee Johana, mwenye tanuri la kuchomea taka, kwamba katoni yenye maandishi hayo isikae stoo hata siku moja. Na Mzee Johana ni mtu wa kutii.

Chepkurui aliporudi Jumatano asubuhi, Fancy, mama wa kutoka Kipkelion, alikuwa tayari mezani, ameshadungwa ganzi, mtoto amekwama na mapigo ya moyo wake yanashuka. Dkt. Ombui alikuwa amenawa, mikono juu. Kwa kawaida yake hakati mtu kabla hajauona uzi kwa macho. Chepkurui akaenda stoo, akakuta rafu tupu, imepanguswa vizuri. Dirishani alimwona Mzee Johana akichakura majivu, ameridhika.

Uongo ulikuwa tayari ulimini: mzigo haujaletwa, Daktari. Lakini aliporudi ndani alisikia mashine ikihesabu moyo wa yule mtoto, polepole, na akaona aibu.

"Daktari, uzi nilificha mimi," alisema. "Na imechomwa. Yote."

Fancy akauliza kwa sauti ya chini kama ni yeye anayezungumziwa. Dkt. Ombui alikohoa ndani ya barakoa, akakohoa tena.

"Sista, enda pale tunabadilishia nguo. Angalia gumboot yangu. Ile ya kushoto."

Humo ndani, kwenye soksi safi, mlikuwa na pakiti kumi na moja. Chepkurui alizijua mara moja. Ndizo zilizopotea mwezi wa tano, zikamletea barua ya onyo, na aliyetia sahihi barua hiyo, kama mkuu wa upasuaji, ni huyu huyu mwenye gumboot. Alikasirika hadi machozi yakamtoka. Alikimbia nazo hivyo hivyo, akilia na kutukana kwa Kipsigis maneno ambayo kanisani kwao hawajui kwamba anayajua.

Mtoto alitoka saa nne kasorobo, msichana, mwenye kelele za kutosha kata nzima. Fancy alishonwa kwa pakiti tatu.

Baadaye daktari alimfuata stoo, akanong'ona kwamba mambo ya gumboot yabaki kati yao wawili. Chepkurui alifungua kitabu cha stoo, akaandika: Pakiti 12, zimechomwa, kosa langu. Mstari wa chini yake: Pakiti 11, zimepokelewa kutoka gumboot ya kushoto ya Dkt. Ombui. Akakigeuza kitabu, akamnyooshea kalamu.

"Weka saini, Daktari. Kwa mistari yote miwili."

Ombui alisoma mara mbili, akatafuta mahali pa kutazama, akapakosa. Kisha akasaini.